Kivuli Kisicho na Uso: Tahakiki ya Picha za Kibet Bull

Katika toleo hili tumepewa nafasi ya kuzungumzia tashtiti, mada ambayo kila muhula huwatatiza wanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Aghalabu mwalimu huandika fasili ubaoni, hutaja riwaya mbili tatu, kisha huendelea na kinaya. Mtihani ukifika, mwanafunzi huandika kwamba tashtiti ni kuchekesha kwa nia ya kurekebisha jamii, hupata alama zake, na jambo huishia hapo. Mara hii tumeonelea tuziache riwaya kando tuhakiki kazi ambayo haitegemei maneno, nazo ni picha za vivuli zilizotengenezwa na kijana wa Kenya aitwaye Kibet Bull. Huenda msomaji akauliza picha zinahusiana vipi na idara ya lugha. Tunamwomba avumilie kidogo.

Kwanza tueleze yaliyotokea, kwa kuwa si wote walioyafuatilia. Gideon Kibet, anayejulikana zaidi kwa jina la Kibet Bull, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wakati picha zake zilipoenea katika mtandao wa X mwishoni mwa mwaka 2024. Hakuwa mchoraji wa gazeti. Alikuwa msanii wa ridhaa, mwenye vifaa vyake na ukurasa wake. Tarehe 24 Desemba 2024 alitoweka jijini Nairobi baada ya kuonana na Seneta wa Busia, Okiya Omtatah. Ndugu yake, Ronny Kiplangat, alikuwa ametoweka siku chache kabla yake. Polisi walikana kuwashikilia. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisema mwezi huo kwamba tangu Juni 2024 ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa, na kwamba 29 kati yao walikuwa hawajapatikana. Tarehe 6 Januari 2025 ndugu hao wawili na vijana wengine waliachiliwa, kila mmoja mahali pake. Kibet aliachwa Luanda, katika Kaunti ya Vihiga, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Wenzetu wanaopanda basi la Nairobi kuja Jinja kwa njia ya Busia wanaupita mji huo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana mara nyingi habari za kutekwa kwa msanii huimeza sanaa yake, na watu huisifu bila kuitazama. Kazi ni rahisi kueleza. Ni umbo jeusi la Rais William Ruto, lililojazwa rangi moja kuanzia utosini. Hakuna macho, hakuna mdomo, hakuna kifungo cha koti. Kinachobaki ni ukingo: mviringo wa kichwa, mteremko wa mabega, namna ya kusimama au kuketi. Mtazamaji ndiye anayemalizia.

Umaliziaji huo ndio kiini cha sanaa hii. Mchoraji wa katuni za gazeti hufanya kinyume chake. Gado, Mtanzania ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa na aliyechorea kampuni ya Nation kuanzia 1992, huuchukua uso wa mkubwa akaukuza: pua, masikio, meno. Katuni hutuambia, mtazameni huyu jinsi alivyo. Mkubwa akikasirika ana jambo la kulalamikia, kwamba pua yake si ndefu hivyo. Kivuli hakimpi lalamiko la namna hiyo. Hakuna kilichotiwa chumvi. Anayesema kwamba umbo lile jeusi ni la fulani amesema yeye, na anayecheka amecheka kwa ujuzi wake mwenyewe. Wanafunzi wetu wanaotafuta mfano wa ukimya kama mbinu ya kisanaa hawatapata ulio wazi kuliko huu.

Tumekuwa tukisema 'kivuli' kana kwamba istilahi ipo tayari. Kwa kweli tumejaribu majina kadhaa ofisini. Mmoja wetu alipendekeza 'taswirakivuli', mwingine 'umbo jeusi'. Sisi tunaona 'picha ya kivuli' inatosha, kwa sababu neno kivuli limebeba maana mbili zinazofaa hapa. Kivuli cha mwembe ni mahali pa kupumzikia, nacho kivuli cha mtu ni kitu kinachomfuata asichoweza kukivua. Waganda nao husema *ekisiikirize* kwa maana zote mbili. Picha za Kibet zinacheza kati ya maana hizo: mtawala anayepaswa kuwa kivuli cha watu wake amegeuka kivuli kinachowafuata.

Kuna na kisa cha neno la Kifaransa ambalo Wazungu hulitumia kwa picha za aina hii, yaani *silhouette*. Linatokana na jina la mtu. Étienne de Silhouette alikuwa waziri wa fedha wa Mfalme Louis wa Kumi na Tano mwaka 1759, akataka kubana matumizi na kuwatoza kodi wenye mali. Alidumu miezi minane tu. Watu wa Paris wakalifanya jina lake dhihaka: kila kitu cha rahisi, kilichofanywa kwa gharama ndogo, kiliitwa kwa jina lake, zikiwemo picha za kukata karatasi nyeusi. Kwa hiyo neno lenyewe lilizaliwa katika kumcheka waziri wa fedha. Wakenya waliomwagika barabarani Juni 2024 walikuwa wakiupinga Mswada wa Fedha. Hatudai kwamba Kibet aliijua historia hiyo, wala haidhuru kitu kama hakuijua.

Tumesema kazi hii haitegemei maneno. Hapo inabidi tufafanue, maana hapa ndipo idara ya lugha inapoingia. Ndani ya picha maneno hayahitajiki kwa sababu tayari yalikuwa yamezagaa nje. Tangu 2023 Wakenya walikuwa wamempa Rais wao lakabu ya Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu, na katika maandamano ya 2024 walimpigia kelele ashuke. Kufikia mwisho wa mwaka huo wakaongeza Kasongo, jina walilolichukua katika wimbo wa zamani wa Orchestra Super Mazembe. Lakabu hufanya katika lugha kile ambacho kivuli hufanya katika picha. Haimtaji mtu, haielezi kosa lake, na kila mtu anamjua. Bila majina hayo tunadhani picha zingekuwa na nguvu nusu. Kwa mwalimu wa fasihi simulizi hapa pana somo zima la saa mbili: lakabu imeandaa njia, picha imepita juu yake.

Na hii ndiyo hoja yetu kuu, ambayo tungependa wenzetu waipime. Picha hizi zina umbo la fumbo, lakini zimekosa kinga ya fumbo.

Fumbo katika mapokeo ya Waswahili lina kazi mbili. Kazi ya kwanza tunaifundisha sana, nayo ni kumfikirisha msikilizaji. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kazi ya pili hatuisemi vya kutosha. Fumbo humlinda msemaji. Mwanamke wa Mombasa au Unguja akivaa kanga yenye maneno makali na jirani akachomeka, mwenye kanga anaweza kujibu kwamba aliinunua dukani kama wanunuavyo wengine. Maneno yalichapwa kiwandani, na mwandishi wake hajulikani. Aliyekasirika ndiye aliyejitaja. Kinga hiyo imeruhusu maneno mengi kusemwa katika nyumba na mitaa ambamo yasingesemeka.

Washairi wetu waliijua. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi kilichouliza kwa lugha ya wazi Kenya ilikuwa inaelekea wapi. Akiwa kizuizini aliandika mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na humo mna shairi la 'Mamba' ambalo kwa juu juu linamzungumzia mnyama tu. Kijikaratasi kilisema waziwazi kikampeleka jela. Shairi lilifumba likapata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Mwanafunzi akiulizwa faida ya jazanda, mfano huo pekee ungemtosha.

Picha za Kibet zimefumba kuliko kanga na kuliko shairi la mamba, maana hata mnyama hamna. Hata hivyo kinga haikupatikana. Kwa nini? Tunaona sababu imo katika chombo kilichotumika. Kanga haina mwandishi. Picha ya mtandaoni ina ukurasa, ukurasa una jina, na jina lina simu iliyo mfukoni mwa mtu anayetembea mjini. Fumbo limemlinda mtazamaji, aliyecheka peke yake chumbani, na limemwacha msanii wazi. Msanii wa gazeti alikuwa walau na mhariri na wakili wa kampuni mbele yake. Tusiseme kwamba kinga hiyo ilikuwa imara sana, kwani gazeti la The East African lilipigwa marufuku Tanzania Januari 2015 katika siku za katuni ya Gado juu ya Rais Kikwete, na mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa mwaka 2016. Lakini Gado alipoteza kazi. Msanii wa ridhaa hana kazi ya kupoteza, kwa hiyo hufuatwa yeye mwenyewe.

Sisi tunaoandika kutoka Jinja tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa karibu. Nalufenya ni mtaa wetu. Una hospitali ya watoto, una shule, una maduka, na njia yake inashuka kuelekea darajani. Lakini kwa miaka kadhaa Mganda wa Gulu au Mbarara alipolisikia jina hilo hakufikiria hospitali. Alifikiria kituo cha polisi ambamo washukiwa wa kesi nzito walishikiliwa, wakiwemo walioshtakiwa kwa mauaji ya Andrew Felix Kaweesi, afisa wa polisi aliyepigwa risasi Machi 2017. Baadhi yao waliieleza mahakama kwamba waliteswa. Jina la mtaa likageuka tisho, na wazazi wakawa wanalitumia kuwanyamazisha vijana wanaosema sana. Aprili 2018 mkuu mpya wa polisi, Martin Okoth Ochola, alikifunga kama kizuizi maalumu kikarudi kuwa kituo cha kawaida. Jina halijarudi kikamilifu.

Kilichowafungua watu macho kuhusu Nalufenya kilikuwa picha. Mei 2017 vyombo vya habari vilionyesha majeraha ya Geoffrey Byamukama, meya wa Kamwenge, akiwa kitandani hospitalini. Picha ile haikuwa na sanaa yoyote, na haikuihitaji. Ilikuwa nyama na kidonda. Hata Rais Museveni aliandika barua mwezi huo kukataza mateso. Miaka sita baadaye, Aprili 2023, Jim Spire Ssentongo, mhadhiri wa falsafa na mchoraji wa katuni wa gazeti la The Observer, aliwaalika Waganda waweke mtandaoni picha za mashimo ya barabarani kama maonyesho ya sanaa. Kejeli ilikuwa katika kuyaita mashimo sanaa; picha zenyewe zilikuwa ushahidi tu. Ukizilinganisha nchi mbili utaona tofauti ya kimtindo inayostahili utafiti wa shahada. Uganda picha iliyotikisa wakubwa ilionyesha kila kitu. Kenya picha iliyowaudhi haikuonyesha kitu.

Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali, wahenga walisema. Wanafunzi wetu wamezipenda mno picha za Kibet. Tulipoziweka ukutani kwa projekta katika kipindi cha tashtiti, theluthi moja hivi hawakumtambua mhusika mpaka wenzao walipowaambia. Hilo linatupa udhaifu wa kwanza wa kazi hizi, kwamba zinamhitaji mtazamaji anayejua. Zikivuka Busia hupungukiwa. Udhaifu wa pili ni kujirudia. Mbinu ya kuondoa uso inashtua mara ya kwanza, inafurahisha mara ya tano, na kuanzia ya ishirini inakuwa chapa. Baada ya Kibet kutoweka watu wengi waliendelea kutengeneza na kusambaza vivuli kama alama ya kumtetea. Kama kitendo cha mshikamano tunakipa heshima yake. Kama sanaa, vingi vilikuwa nakala za nakala, na mtu anayehakiki lazima aseme hivyo. Mateso ya msanii hayaongezi ubora wa mstari wake.

Halafu kuna picha nyingine za wakati ule ule ambazo watu wamezichanganya na hizi. Baadhi ya vijana walisambaza picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba zikimwonyesha Rais ndani ya jeneza. Rais Ruto, akizungumza Homa Bay tarehe 27 Desemba 2024, aliahidi kwamba utekaji utakomeshwa, na papo hapo akawataka wazazi wawajibike juu ya watoto wao. Wazee wengi upande wetu wa mpaka walikubaliana naye kuhusu malezi. Sisi tunatenganisha mambo mawili. Picha ya jeneza si tashtiti, ni apizo. Apizo halimfikirishi mtu wala halimwachi mtazamaji amalizie chochote, limekwisha lenyewe. Atakayetuambia kwamba katika utani wa makabila ya Tanzania mtani huruhusiwa kumcheka hata maiti, tutamkumbusha kwamba mtani huyo ana wajibu. Husaidia kazi za msiba. Leseni yake ya kucheka ameilipia kwa jasho. Kijana aliyeko nyuma ya simu hana utani na Rais. Kwa hiyo tunaihesabu picha ya jeneza kuwa sanaa mbovu. Sanaa mbovu hujibiwa kwa tahakiki, na aliyevunja sheria hupelekwa mahakamani mchana kweupe jamaa zake wakiwepo. Hakuna fasili ya adabu inayofikia mpaka kumfunika mtu uso na kumtia garini.

Tunajua hata njia ya mahakama ina miiba. Hapa Uganda, Mahakama ya Katiba ilikitengua kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 mnamo Januari 2023, lakini marekebisho ya sheria hiyo yalikuwa yamekwisha kutiwa saini Oktoba 2022. Novemba 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana miezi 32 kwa video ya TikTok ambamo aliigiza kesi ya kumshtaki Rais. Kuigiza kesi! Mchezo ambao sisi tunawapa wanafunzi kama zoezi la mazungumzo.

Hapo ndipo wenzetu wengine walipotushauri tuiache mada hii, na kusema kweli hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema Kiswahili kimechukua muda mrefu kupata nafasi Uganda. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa kizazi kizima kikabaki kuwa lugha ya kambi, ya kizuizi cha barabarani, ya amri ya kulala chini. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaagiza Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa nini basi, waliuliza, tukipake tope la siasa sasa hivi? Jibu letu ni kwamba mzazi wa Busoga anayekumbuka Kiswahili cha kizuizini hatashawishika na vitabu vya salamu. Atashawishika akimwona mwanawe akicheka kwa lugha hiyo, akifumba na kufumbua. Lugha ambayo haiwezi kumcheka mkubwa bado ni ya askari.

Kazi ya nyumbani ya muhula uliopita iliwataka wanafunzi watoe mfano mmoja wa tashtiti na kuueleza. Wengi walileta vifungu vya tamthilia. Mmoja alileta picha ya kivuli aliyoitengeneza mwenyewe kwenye simu, umbo jeusi la mkubwa mmoja wa hapa kwetu limeketi kwenye kiti cha kinyozi, pamoja na maelezo ya nusu ukurasa. Alituomba tusiandike jina lake nyuma ya karatasi. Maelezo yalikuwa mazuri kuliko picha, kwani mchoro ulikuwa na vitu vingi mno na kiti kilishindana na mtu. Tulimpa alama 14 kati ya 20, tukamwonyesha ni nini angeondoa, na tukamrudishia karatasi yake siku hiyo hiyo. Mwalimu mmoja angependa tungeikataa, mwingine angependa tuibandike ubaoni na jina lake kwa fahari. Tulichobandika ni yale maelezo, bila jina na bila picha, na yangali yapo karibu na mlango wa chumba cha semina kwa atakayetaka kuyasoma. Wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyaandika na kuyaleta kwa katibu wa idara kabla ya wiki ya mitihani, yapate nafasi katika toleo lijalo.